Shira ya mnanaa inageuka kahawia, inaota ukungu, kisha inaganda: nakosea wapi?

Mchujaji Mpya (muulizaji)

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba msaada wa watu waliozoea kutengeneza shira ya majani ya viungo nyumbani, kwa maana nimejaribu mara tatu katika muda wa miezi miwili na kila mara nimeshindwa kwa namna yake, hata sasa sijui kama kosa ni moja linalojirudia au ni makosa matatu yasiyohusiana.

Mara ya kwanza nilipima kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, nikatia fungu zima la mnanaa mbichi humo humo, nikaacha vyote vitokote pamoja kwa dakika 20. Jiko zima lilinukia vizuri ajabu, nikaamini kwamba nimepatia. Nilipochuja nilikuta majani yamekuwa na rangi ya zeituni iliyofifia, shira yenyewe ni ya kahawia, na ladha yake ni ya nyasi kavu yenye uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi.

Mara ya pili nilipunguza muda wa kuchemsha hadi dakika 5, lakini niliyaacha majani ndani ya chupa nikidhani kwamba yangeendelea kutoa ladha polepole. Siku ya tisa nilikuta jani moja lililoelea juu limezungukwa na utando mweupe wenye nyuzi nyembamba. Nilimwaga chupa nzima.

Mara ya tatu nilikuwa nimesikia kwamba shira nzito hudumu zaidi, hivyo nikatumia vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, nikaiacha itokote bila mfuniko kwa dakika 15 hivi ili izidi kuwa nzito. Kweli haikuota ukungu, lakini baada ya siku nne ndani ya jokofu, chini ya chupa palikuwa na tabaka la fuwele gumu kiasi kwamba kijiko hakikuweza kulipenya.

Ninachokitaka ni shira inayonukia jani bichi, yenye rangi isiyochukiza, inayoweza kukaa angalau wiki mbili. Si ya kuuza. Ni ya kutia kwenye chai na kwenye maji ya limau hapa nyumbani, na baadaye ningependa kujaribu rozimari na mrehani. Naomba mnieleze sababu pamoja na vipimo, kwa kuwa nikizijua sababu nitaweza kujirekebisha mwenyewe hata nitakapobadilisha jani.

Sufuria Tulivu

Ndugu muulizaji, umefanya vyema kueleza majaribio yote matatu kwa ukamilifu, kwa sababu kila moja lina kosa lake. Mimi nitashughulika na lile la kwanza, ambalo nililirudia mwenyewe kwa muda mrefu kabla sijaelewa.

Umesema jiko zima lilinukia vizuri. Hapo ndipo pa kuanzia. Harufu ya mnanaa imo katika mafuta mepesi sana yaliyo kwenye jani, na mafuta hayo hupaa pamoja na mvuke wa maji yanayotokota. Wakamuaji wa mafuta ya manukato hutumia tabia hiyo hiyo: hupitisha mvuke kwenye majani, huupoza mvuke ule, kisha huyakusanya mafuta yanayoelea juu ya maji. Kwa hiyo harufu iliyojaa jikoni kwako ilikuwa imekwisha kutoka kwenye sufuria, na kila dakika uliyoifurahia ilikuwa ikiipunguzia shira yako kile ulichokikusudia.

Wakati yale mepesi yanakwenda zake, mazito yanabaki na kuongezeka. Jani lina tanini na vitu vingine vyenye uchungu ambavyo havipai na mvuke. Hivyo hutoka kwenye jani polepole, na kadiri linavyokaa kwenye maji ya moto ndivyo vinavyozidi. Baada ya dakika 20 ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya harufu na umejikusanyia uchungu, na hiyo ndiyo ladha ya nyasi kavu uliyoionja. Rangi nayo ina kisa chake. Klorofili, ambayo ndiyo inayolipa jani ukijani, ina chembe ya magnesi katikati ya umbo lake. Joto linapovunja kuta za seli za jani, asidi iliyokuwa imejificha ndani humo hukutana na klorofili, ikaiondoa ile magnesi, na kinachobaki kina rangi ya zeituni inayoelekea kahawia. Hakuna namna ya kuirudisha ikishakwenda.

Ninakushauri utenganishe kazi mbili ulizozifanya kwa pamoja. Sukari inahitaji moto ili iyeyuke upesi. Jani halihitaji kutokota hata kidogo. Weka sukari na maji kwenye moto wa wastani, koroga mpaka ukiinua kijiko usione hata punje moja, acha shira ianze kuchemka, kisha uzime moto na uiache itulie kwa dakika 5. Ndipo utie majani. Yawe yameoshwa na kukaushwa kwa kitambaa safi, kwa maana maji yaliyong'ang'ania kwenye majani huingia kwenye shira na kuivuruga hesabu yake. Usiyakatekate. Yaweke kwenye kiganja, uyapige kofi moja kwa kiganja cha pili, yatoshe. Utasikia harufu ikitoka papo hapo. Yazamishe kwa mgongo wa kijiko mpaka yalowe yote, kisha funika sufuria.

Mfuniko ni wa lazima. Ukiuinua baada ya dakika kumi utaona matone yamejipanga upande wa ndani. Onja tone moja kwa ncha ya kidole, utashangaa jinsi lilivyo na mnanaa mkali kuliko shira yenyewe. Ni ule mvuke uliokuwa ukikimbia. Uinamishe mfuniko ili matone yarudi kwenye sufuria kabla hujauweka kando.

Kwa mnanaa mimi huonja dakika ya 10, halafu kila baada ya dakika 5, na mara nyingi huchuja kati ya dakika ya 15 na ya 20. Namna ya kuonja ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: shira tupu ni tamu mno hata ulimi hauwezi kuhukumu, kwa hiyo chukua kijiko kimoja, kiongezee vijiko vinne au vitano vya maji baridi, ndipo unywe. Hivyo ndivyo itakavyonywewa, na hivyo ndivyo uchungu utajionyesha mapema ikiwa umeanza kuingia.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni kuchuja. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiyakamua majani kwa mgongo wa kijiko ili nisipoteze hata tone, na shira yangu ilikuwa daima na ukungu-ukungu (yaani haikuwa angavu) na uchungu hafifu ambao sikujua unatoka wapi. Siku niliyoacha kukamua, nikaliacha chujio litone lenyewe juu ya bakuli, vyote viwili viliondoka. Kile kidogo unachokiacha ndani ya majani hakina thamani ya kile unachokiharibu.

Mizani Kwanza

Nakubaliana kabisa na ndugu Sufuria Tulivu, nami nitaongezea habari ya vipimo, kwa kuwa fuwele zako za mara ya tatu na ukungu wako wa mara ya pili vimezaliwa humo.

Acha vikombe, tumia mizani. Kikombe cha kawaida cha mililita 240 hubeba takriban gramu 200 za sukari nyeupe, lakini hubeba gramu 240 za maji. Kwa hiyo ulipoamini kwamba umepima nusu kwa nusu, sukari yako ilikuwa kama asilimia 45 ya uzito wote, na shira ya namna hiyo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Shira ya nusu kwa nusu ni gramu 500 za sukari kwa gramu 500 za maji. Nayo, kwa taarifa yako unapotafuta chupa, haijazi lita moja, kwani uzito huo wa kilo moja huchukua takriban mililita 810 tu. Wanaofanya kazi hii kiwandani hupima kwa nyuzi za Brix, zilizopewa jina la Mjerumani Adolf Brix aliyeishi karne ya 19: nyuzi 50 maana yake ni gramu 50 za sukari katika kila gramu 100 za mmumunyo. Wewe huhitaji kifaa chao. Mizani ya jikoni na hesabu ndogo vinakutosha.

Sasa tuiangalie ile ya tatu. Vikombe viwili vya sukari ni gramu 400, na kikombe kimoja cha maji ni gramu 240. Hiyo ni chini kidogo ya mara 1.7, na kwa haki haikupaswa kuganda. Gramu 100 za maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi zinaweza kuyeyusha takriban gramu 200 za sukari, na hata maji yakipoa hadi karibu na nyuzi 0 bado yanashika kama gramu 180. Kilichokuponza ni zile dakika 15 bila mfuniko. Ikiwa maji yaliyopaa yalikuwa gramu 40 peke yake, yaani chini ya vijiko vitatu vikubwa, ulibaki na gramu 400 za sukari ndani ya gramu 200 za maji. Shira hiyo ilikuwa salama juu ya meza, lakini ulipoiingiza kwenye jokofu maji yakapoteza uwezo wa kuibeba sukari yote, na ile iliyozidi ikashuka chini na kuwa fuwele. Natumaini unaona kwamba hukukosea kupima. Ulikosea kuendelea kuchemsha baada ya kupima.

Kwa shira itakayokaa kwenye jokofu, kipimo ninachokiamini ni gramu 600 za sukari kwa gramu 400 za maji. Ni nzito ya kutosha kuvikosesha maji vijidudu vingi, na bado iko mbali na mpaka wa kuganda. Pima sufuria tupu kabla ya kuanza na uandike uzito wake. Baada ya kuyeyusha, pima tena sufuria na shira yake, na ikiwa imepungua ongeza maji yaliyochemshwa mpaka urudi kwenye gramu 1000. Inachukua nusu dakika, na tangu nilipoanza kufanya hivyo shira yangu ya leo na ya mwezi ujao ni ile ile.

Sababu nyingine ya kuganda ni punje zilizoruka na kushika kwenye kuta za sufuria. Punje moja ikianguka kwenye shira nzito iliyopoa huwa kama mbegu, na sukari iliyoyeyuka hujipanga juu yake. Kwa hiyo koroga wakati sukari inayeyuka, lakini ikishaanza kuchemka acha kabisa kukoroga, na ufunike kwa dakika moja ili mvuke uzioshe kuta.

Wengi hutia maji ya limau kuzuia kuganda, na ni njia ya kweli, ila lazima limau liingie mwanzoni na lichemke pamoja na sukari. Asidi ikisaidiwa na joto huigawa sehemu ya sukari ya kawaida, ambayo ni sukrosi, kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina mbalimbali hauwezi kujipanga kuwa fuwele kwa urahisi. Limau likitiwa mwishoni, shira ikiwa imepoa, litaleta uchachu wake lakini halitafanya kazi hiyo.

Chupa yako iliyoganda, kama bado unayo, usiitupe. Isimamishe ndani ya maji ya uvuguvugu, uongeze joto lake taratibu ili kioo kisipasuke, na fuwele zikilegea rudisha kila kitu kwenye sufuria pamoja na gramu 60 za maji. Itarudi kuwa shira safi.

Kitalu cha Dirishani

Ndugu zangu wamesema vizuri, nami nina jambo moja la kupingana na Sufuria Tulivu kwa heshima, nalo ni kuhusu mrehani, kwa kuwa muulizaji ametaja kwamba anauendea.

Mnanaa ukiloweka kwenye shira ya moto utatoka na ladha nzuri na rangi ya majani makavu iliyofifia, na wengi wetu tumeikubali. Mrehani haukubali hivyo. Vimeng'enya, yaani vichocheo vya asili vilivyo ndani ya jani lake, huligeuza jeusi mara tu linapojeruhiwa na kukutana na hewa, na shira ya moto iliyopoa kidogo haiwezi kuvizuia upesi. Njia yangu ni hii: ninachemsha maji matupu mpaka yatokote kwa nguvu, ninayatumbukiza majani kwa sekunde 15 tu, kisha ninayahamishia mara moja kwenye bakuli la maji yenye barafu. Joto lile kali huviua vimeng'enya, na barafu huzuia klorofili isiharibike. Ninayakamua maji kwa mkono, ninayasaga kwenye blenda pamoja na shira iliyokwisha kupoa kabisa, halafu ninachuja kwa kitambaa chepesi. Rangi yake ni ya kijani cha jani lililopata mvua. Hapo usitie limau kamwe. Litie kwenye glasi wakati wa kunywa, maana asidi itakula ukijani huo ndani ya siku chache.

Kuhusu majani mengine, inafaa ujue mafuta yamekaa wapi. Mnanaa, mrehani, rozimari na zaatari ni wa jamaa moja ya mimea, na wote huhifadhi mafuta yao katika vifuko vidogo sana vilivyo juu ya ngozi ya jani. Ukilitazama jani la mnanaa kwa kioo cha kukuzia utayaona kama vitone vinavyong'aa. Ndiyo maana kofi moja linatosha. Mchaichai ni tofauti, mafuta yake yamo ndani ya jani na shina, kwa hiyo usipouponda na kuukata hautakupa kitu hata ukikaa saa nzima.

Rozimari ina jani gumu lenye nta, nayo inastahimili dakika 2 au 3 za moto mdogo kabla ya kulowekwa. Lakini uwe na mkono mwepesi. Kwa kilo moja ya shira, gramu 10 hadi 15 za rozimari zinatosha, wakati mnanaa unaweza kufika gramu 60. Ikizidi, utapata ladha ya utomvu wa mti inayofunika kila kitu. Zaatari iko katikati ya hizo mbili. Ukitumia majani yaliyokaushwa, anza na theluthi ya uzito wa mabichi, na ujue kwamba mnanaa mkavu hautakupa ile harufu ya ubichi unayoitafuta, ingawa rozimari kavu ni nzuri kabisa.

Ipo pia njia isiyo na moto, na kwa mnanaa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sugua majani na sukari kavu kwa vidole ndani ya bakuli mpaka sukari ianze kulowana na kuwa kama mchanga wa ufukweni. Funika, acha usiku mmoja kwenye jokofu. Sukari huyavuta maji na mafuta kutoka kwenye jani, na asubuhi utakuta vidimbwi vidogo vya kijani chini ya bakuli. Mimina maji yaliyochemshwa na kupozwa, koroga mpaka iyeyuke, chuja. Inahitaji subira kwa sababu sukari huyeyuka polepole bila moto, na tena haihifadhiki kwa muda mrefu kwa kuwa haijapitia joto lolote. Mimi huimaliza ndani ya siku 5.

Na tafadhali, tumia jani unalolijua kwa hakika na lililokuzwa ili liliwe. Mimea ya mapambo mara nyingi hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, na kuosha hakuziondoi zote.

Sufuria Tulivu

Ndugu Kitalu, kuhusu mrehani nakubali, nami nitabadilisha njia yangu. Kwa mnanaa bado ninaona kwamba kuutumbukiza kwenye maji ya moto na kisha kwenye barafu kunaacha sehemu ya harufu ndani ya maji hayo mawili, na shira iliyosagwa na jani ndani yake huanza kubadilika rangi kabla ya wiki kwisha. Muulizaji anataka wiki mbili, kwa hiyo kwake yeye ningeweka harufu mbele ya rangi.

Mchujaji Mpya (muulizaji)

Nawashukuru sana nyote. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili na nimekwisha kuazima mizani. Nina maswali mawili kabla sijaanza. La kwanza, je, ninaweza kutumia asali badala ya sukari, au kupunguza sukari iwe nusu ya hiyo mliyoitaja, kwa kuwa nyumbani tuna watu wasiopenda utamu mwingi na pia tuna mtoto wa miezi 8 ambaye hupenda kuonja kila kitu? La pili, nifanye nini kuhusu ukungu, mbali na kuyatoa majani?

Chupa na Tarehe

Ndugu Mchujaji, nianze na mtoto, kwa kuwa hilo halina mjadala. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali kabisa, hata tone, iwe mbichi au imechemshwa ndani ya shira. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria hao, mbegu ambazo kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuziui, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauna uwezo wa kuzizuia zisiote. Kwa watu wazima wenye afya asali haina shida hiyo. Maadamu nyumbani kwako kuna chupa moja inayopita mikononi mwa watu wote, ningekushauri ubaki na sukari mpaka mtoto akue. Na hata hiyo shira ya sukari, umri wake bado hauihitaji.

Kuhusu kupunguza sukari, elewa kwamba katika shira sukari ndiyo mlinzi. Inayashika maji kiasi kwamba ukungu na hamira za hewani hazipati maji ya kutumia. Ukiipunguza iwe asilimia 30, unakuwa na maji matamu ya majani, ambayo ni chakula kizuri sana kwa vijidudu, na ni ya kumaliza ndani ya siku 3 au 4. Vitamu mbadala vinavyotumika kwa kiasi kidogo mno haviwezi kufanya ulinzi huo hata kama ulimi unaona utamu ule ule. Wasiopenda utamu mwingi na watie nusu kijiko kwenye glasi. Shira ibaki nzito.

Ukungu wako wa mara ya pili ulikuwa na sababu mbili zilizosaidiana. Shira ilikuwa nyepesi, na lile jani lililoelea lilikuwa kisiwa: sehemu iliyotokeza juu ilikuwa na unyevu wake yenyewe, ilikuwa kwenye hewa, na pengine ilikuja na mbegu za ukungu kutoka shambani. Kwa hiyo majani yatoke yote, na uchuje mara mbili, ya pili kwa kitambaa, ili hata kipande kidogo kisibaki.

Chupa ya kioo na kifuniko chake vioshwe kwa sabuni, chupa itokote ndani ya maji kwa dakika 10, kisha igeuzwe kwenye kitambaa safi ijikaushe yenyewe, usiifute ndani. Shira uliyoichuja irudishe kwenye moto mdogo mpaka ianze kutoa mvuke lakini isitokote, uimimine ikiwa ya moto ndani ya chupa ambayo bado ina joto, na ufunge. Najua utapoteza harufu kidogo hapo. Mimi naona ni gharama inayostahili kwa anayetaka wiki mbili. Anayetaka siku tano anaweza kuiruka hatua hiyo. Ikipoa, iingie kwenye jokofu siku hiyo hiyo.

Tumia chupa tatu ndogo badala ya moja kubwa, maana kila ufunguzi unaingiza hewa na kila kijiko kilichoguswa na ulimi kinaingiza kitu kingine. Andika tarehe juu ya chupa. Ukiona imefifia ghafla, ina vipovu, inatoa sauti ya gesi unapofungua, ina harufu ya kuchacha au ina utando hata mdogo, mwaga yote kama ulivyofanya; kuuondoa ukungu kwa kijiko na kutumia kilichobaki si salama, kwa sababu nyuzi unazoziona juu si zote zilizopo. Ikiwa umetengeneza nyingi, igandishe kwenye vitrei vya barafu vyenye mfuniko. Haitakuwa ngumu kama barafu, itabaki laini kidogo kwa ajili ya sukari, lakini itadumu miezi kadhaa na unaweza kutoa kipande kimoja kimoja.

Mchujaji Mpya (muulizaji)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku 15 kama nilivyojiwekea ahadi.

Nilitumia gramu 600 za sukari na gramu 400 za maji, na baada ya kuyeyusha nikakuta nimepungukiwa gramu 22, nikazirudisha. Nilitia gramu 60 za mnanaa, nikafunika. Safari hii jiko halikunukia karibu chochote, na kwa kweli nilipata wasiwasi, mpaka nilipoonja tone la kwenye mfuniko kama nilivyoelekezwa; lilikuwa baridi mdomoni ingawa lilikuwa la moto. Dakika ya 10 ladha ilikuwa nyepesi, dakika ya 15 ilikuwa nzuri, na nilipoiacha kidogo pembeni mpaka dakika ya 25 ili nijifunze, niliusikia ule uchungu ukianza kuja. Ile ya dakika ya 15 ndiyo niliyoitia kwenye chupa tatu.

Rangi yake ni ya dhahabu yenye ukijani kidogo, kama chai nyepesi sana, na sijaichukia. Chupa ya kwanza iliisha siku ya sita, ya pili jana. Ya tatu nimeifungua leo asubuhi: haina utando, haina kipovu, haina punje hata moja chini, na nilipoitia kwenye maji ya limau mama aliniuliza kama nimechuma mnanaa sasa hivi. Ile iliyoganda nayo niliiyeyusha kwa gramu 60 za maji na tunaitumia kwenye chai.

Kesho ninaanza rozimari, gramu 12, moto mdogo dakika 2. Ndugu Kitalu, kama unaona ni nyingi, naomba uniambie kabla ya jioni.

Kitalu cha Dirishani

Gramu 12 ni sawa, ila kama matawi yako yana mti mgumu katikati, chambua majani tu na uyapime yakiwa peke yake, kisha anza kuonja dakika ya 8.